Tone na Panya Sita wa Sumu Tupu

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na wewe pia uliyesimama nyuma karibu na mlango ukidhani sikuoni, poleni na msiba.

Kabla sijaanza niseme kwamba kazi hii sikuiomba, katika familia hii wapo watu wenye vyeti vya kujaza kabati, wapo wenye sauti za redioni, lakini jana asubuhi wote walianza kuumwa kwa pamoja, huyu koo, yule kichwa, yule machozi hayakauki, wakanisukumia karatasi mimi niliyeishia darasa la tatu, wakasema, "Bibi, wewe ndiye unayemjua tangu mwanzo." Ni kweli namjua, ila nilimwambia mjomba wake kwamba nikisoma mimi nitasoma yote, naye akajibu, "Soma tu, Mama, lakini usitaje watu majina," kwa hiyo jina la mtu silitaji, nitataja kazi zao, na atakayejijua amejijua.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1984, saa nne asubuhi, wodi ya wazazi, kitanda cha tatu kutoka dirishani, akiwa mtoto wa kike, wa pekee, wa binti yangu wa pili, alikuja kabla ya wakati wake, mkunga akamweka kwenye mizani, akaitazama, akaigonga kwa kidole, akaitazama tena, nami nikamwambia mizani aiache, haina kosa, mtoto mwenyewe ndiye tone. Jina hilo la Tone lilimkaa kuliko lile la kwenye cheti, na hata kazini walimwita hivyo. Mama yake alituacha tarehe 30 Agosti 1989, baba yake alikuwa ameshasafiri kutafuta kazi na hadi leo hajaipata, hivyo mtoto akabaki mikononi mwangu, mikono ya dobi, iliyojaa sabuni.

Alianza shule ya msingi Januari 1991 akamaliza 1997, akaingia sekondari Januari 1998 akamaliza 2001, na katika miaka yote hiyo walimu waliandika jambo moja kwenye ripoti zake, kwamba hesabu ni nzuri mno lakini anabishana. Hilo walimu hawakulileta wao, nililiona nyumbani akiwa na miaka saba, siku nilipokunja mashati ya mteja nikasema ni kumi, yeye akiwa amekaa kwenye ngazi akasema, "Bibi, ni kumi na moja," nikamwambia asinifundishe kazi, akarudia, "Ni kumi na moja," nikayakunjua yote kwa hasira nikahesabu mbele yake, yalikuwa kumi na moja. Nilimchapa hata hivyo, kwa kiburi, na leo mbele yenu nasema lile kofi halikuwa lake.

Septemba 2003 aliingia chuo cha ufundi wa maabara, akahitimu Juni 2006, na siku ya Jumatatu tarehe 2 Oktoba 2006 aliajiriwa katika maabara inayopima dawa za sumu ya nyoka, jengo la ghorofa moja lenye dirisha la wavu upande wa panya na dirisha la kioo upande wa wakubwa, akakaa hapo miaka kumi na saba na zaidi, kwenye meza ile ile, na kiti ambacho alikishona mwenyewe kilipopasuka.

Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza huyu mtoto alikuwa anafanya nini hasa, wengine mkisema anafuga nyoka, wengine mkisema anachanganya sumu, tena mkisema hivyo huku mkiangalia vyakula vyangu, basi sikilizeni. Nyoka walikuwa na mtu wao, mkamuaji, mzee mwenye vidole tisa, yeye huwakamua sumu kama mtu anavyokamua ng'ombe ila bila mapenzi, sumu hiyo ikawekwa kwenye friza, na kazi ya Tone ilikuwa kuichukua sumu ya kifutu, kiasi kile kile kila mara, aichanganye na dawa, chupa hii dawa kidogo, ile zaidi, ile zaidi tena, aiache nusu saa kwenye joto kama la mwili wa mtu, kisha awadunge panya weupe, sita kwa kila kikundi, na kesho yake saa ile ile ahesabu nani hai na nani amekufa, ili ijulikane ni dawa kiasi gani inaokoa nusu yao, na hapo ndipo nguvu ya dawa inapojulikana. Lakini kila mara lazima kiwepo kikundi kimoja cha panya sita wanaodungwa sumu tupu, bila dawa, na hao wanatakiwa wafe, wasipokufa kipimo chote kinatupwa. Nilipomuuliza kwa nini awaue bure viumbe wa watu, alinijibu, "Bibi, ukitaka kujua sabuni inatoa doa, si unaweka doa kwanza?" Mimi nimefua nguo za watu miaka arobaini, na ninajua kwamba ukifua shati safi kila sabuni utaisifu.

Marehemu alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 11 Septemba 2010, na fundi wa saa mwenye kibanda nyuma ya stendi, mtu mpole kupita kiasi, na upole wa namna ile mimi siuamini, kwa miaka minne ya kwanza nilipomtembelea mjukuu wangu nilikuwa nanusa kikombe kabla sijanywa. Mkwe wangu, uko hapa mbele, nadhani ulikuwa unaniona, ukanijazia tena, na chai yako ilikuwa chai tu. Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kike aliyezaliwa tarehe 3 Juni 2012, na wa kiume aliyezaliwa tarehe 19 Januari 2016, wote wawili wanahesabu ngazi wakipanda, sijui nani kawafundisha.

Mwaka 2014 Tone alianza kubanwa na kifua, kwanza Jumatatu tu, baadaye kila siku ya kazi, likizoni anapona, akirudi kazini anabanwa, nami nikasema wazi kwamba kuna mtu kazini anamtilia kitu, nikaanza kuwachunguza mmoja mmoja, mfagiaji, mkamuaji, mlinzi wa getini ambaye alikuwa anacheka sana. Daktari wa kifua ndiye aliyenitoa tongotongo, akasema ni pumu inayoletwa na vumbi la panya, mkojo wao ukikauka unapaa hewani kama unga, na tarehe 22 Februari 2021 akaandika barua kwamba mgonjwa asisafishe vizimba, aingie chumba cha panya kwa muda mfupi tu, amefunga barakoa. Barua alipewa mkuu wa maabara, ambaye mwenyewe sitamtaja jina, nitamwita kama Tone alivyomwita nyumbani, Miwani Mbili, kwa sababu ana miwani moja puani na nyingine juu ya kichwa, na bado yako mambo hayaoni. Barua ile aliitii kwa miaka miwili na nusu, hilo namhesabia.

Sasa ndugu zangu sogezeni viti, maana hapa ndipo mjomba wake alipotaka niruke.

Jumanne tarehe 7 Novemba 2023 Tone alipima shehena mpya ya dawa, maboksi mengi ambayo yalikuwa yanasubiriwa na zahanati sitini na tatu, akawadunga panya wake wote, Jumatano saa tano asubuhi akaenda kuhesabu, akakuta wote wako hai. Wenzake wakapiga makofi, wakasema hii ndiyo dawa, haijapata kutokea, mmoja akasema aitiwe mpiga picha. Tone hakupiga makofi, alikwenda kwenye kizimba cha sumu tupu, namba thelathini na moja hadi thelathini na sita, namba zilizochorwa mkiani kwa wino usiofutika, akakuta nao wanakimbizana na kula, akawahesabu mara tatu, kisha akaandika kwenye daftari la kazi, "31 hadi 36, hai, kipimo hakifai, sumu haina nguvu."

Miwani Mbili aliitwa, akaja na kikombe chake mkononi, akasema, "Tone, mwaka wa ngapi huu? Panya wakifa unanuna, wakipona unanuna." Tone akamwambia, "Mzee, hawa hawakutakiwa kuwa hai, tumefua shati safi." Mzee akamjibu kwamba ni yeye Tone aliyesahau kuwadunga, kifua kinambana, mkono unatetemeka, hesabu imemchanganya, akachukua kalamu, akaifuta ile "hai" na yaliyofuata kwa mstari mmoja, akaandika juu yake "wamekufa," akaamuru panya wote wateketezwe mchana ule kama kawaida ya kipimo kilichokwisha.

Siku hiyo saa kumi jioni Tone alifika kwangu na ndoo ya plastiki iliyofunikwa kitambaa kilichotobolewatobolewa, akisema nimwekee siku mbili tatu, nisifunue, na mnanijua, hata hajafika barabarani nilishafunua. Niliona macho mekundu kumi na mawili, nikamwita arudi, nikamwambia, "Wewe mtoto umeanza wizi? Tena wizi wa panya? Watu wanaiba vitu vya maana!" Akakaa kwenye ngazi ile ile ya mashati, akashika kifua, akasema, "Bibi, hawa sita kwenye karatasi wamekufa, nikiwachoma moto na kweli watakuwa wamekufa, na yule atakayeumwa na kifutu huko mbali atadungwa kitu ambacho hakuna aliyekipima." Nilimtazama sana, kwa sababu namshuku kila mtu na wajukuu wangu wamo, nikamuuliza una hakika hukusahau kuwadunga, akasema, "Yalikuwa mashati kumi na moja, Bibi." Nikaingiza ndoo ndani.

Ijumaa tarehe 10 Novemba alipewa barua ya onyo, kosa lake likiwa "uzembe katika kuhesabu," akahamishwa kutoka kwenye meza yake na kupelekwa kuosha vizimba vya panya, Jumatatu hadi Ijumaa, wakati ile barua ya daktari ilikuwa kwenye droo ya Miwani Mbili chini ya kopo la sukari, hapo ndipo ilipokuja kukutwa. Desemba aliandika malalamiko kwa kamati inayosimamia dawa, akasubiri, akiosha vizimba, akirudi nyumbani anaongea maneno mawili mawili kwa sababu ya pumzi, nami nikilisha marehemu sita chini ya meza ya jikoni, waliokula mahindi yangu kwa hamu kubwa, wote majike, nashukuru, maana wangekuwa mchanganyiko leo tungekuwa tunazika huku tumekanyaga panya. Februari paka wa jirani alipita dirishani akala mmoja, akaacha mkia tu, nikauokota, nikausoma, thelathini na nne, nikauhifadhi kwenye kiberiti.

Mwezi huo huo mchoma mkaa mmoja, ambaye yuko hapa leo amekaa upande wangu wa kushoto na magongo yake, aliumwa mguuni na kifutu, akapelekwa zahanati ndani ya saa moja, akadungwa dawa ya shehena ile, chupa ya kwanza, ya pili, hadi ya nne, mganga akishangaa, na mguu haukuokoka.

Kamati iliita kikao siku ya Alhamisi, tarehe 18 Aprili 2024, lakini Tone alikuwa amelazwa tangu Jumatatu na bomba la hewa puani, akanipa karatasi na kuniambia niende mimi, nikaenda na ndoo yangu, mlinzi yule wa kucheka akanizuia getini akasema, "Bibi, panya hawaingii kwenye kikao," nikamwambia, "Mbona wengine wameshakaa?" akanifungulia. Ndani kulikuwa na meza ndefu na chupa za maji, Miwani Mbili akieleza kwa sauti nzuri jinsi mpimaji wake alivyokuwa mgonjwa na msahaulifu, mwenyekiti, mama mmoja asiyecheka, akanitazama mimi na ndoo akauliza ni nini, nikasema, "Ni mashahidi, Mama, watano wazima na mmoja kwenye kiberiti." Walifungua daftari, wakawatoa panya mmoja mmoja, wakasoma mikia, thelathini na moja, mbili, tatu, tano, sita, na ule wa kiberiti wakausoma kwa kioo cha kukuzia, na kwenye daftari wote sita walikuwa wafu kwa mwandiko wa Miwani Mbili.

Alisema basi hata kama walikuwa hai, hiyo inaonyesha hawakudungwa, na hilo ndilo nililomuuliza Tone mwenyewe siku ya ndoo. Mwenyekiti hakubishana naye, aliagiza sumu ile ile itolewe kwenye friza, na sumu mbichi kwa mkamuaji wa vidole tisa, wapime upya mbele ya watu wa nje, akaahirisha hadi kesho yake. Ijumaa majibu yakaja, panya sita waliodungwa sumu ya friza wote wazima, sita waliodungwa sumu mbichi wote wamekufa, na waliodungwa sumu mbichi pamoja na dawa ya shehena ile, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye boksi, walipona wawili tu kati ya sita. Kwa hiyo Tone aliwadunga, ila aliwadunga sumu iliyokufa.

Mwenyekiti akauliza friza imekuwaje, watu wote wakatazama viatu, hadi mfagiaji, ambaye nilimshuku miaka kumi bure, akasema, "Si birika la mzee." Soketi ya ofisi ya Miwani Mbili iliungua mwezi wa tano mwaka 2023, badala ya kuita fundi akahamishia birika lake la umeme kwenye chumba cha friza, kwenye soketi moja iliyokuwepo, kila siku anachomoa friza, anachemsha maji, wakati mwingine anakumbuka kurudisha, wakati mwingine anakumbuka kesho yake, na sumu ndani ikiyeyuka na kuganda, ikiyeyuka na kuganda, mpaka haikuweza kuua hata panya. Hadi hapo ningesema ni ajali ya mtu anayependa chai. Lakini kibali cha kutoa shehena ile kilikutwa kimesainiwa Jumatatu tarehe 6 Novemba, siku moja kabla Tone hajashika sindano, maboksi yalikuwa njiani wakati panya wanahesabiwa, na mtu aliyeshasaini hawezi kuvumilia anayehesabu.

Kamati iliuliza familia inataka nini, nikafungua karatasi ya Tone, ilikuwa na mstari mmoja, nikausoma, "Aandike kwamba nilihesabu sawa."

Alhamisi tarehe 2 Mei uamuzi ulisomwa, Tone alisomewa kitandani na mume wake, akacheka kwa sauti ndogo, akaomba uji. Baada ya hapo mapafu yalikataa, daktari alijitahidi, siku ya Jumapili tarehe 2 Juni 2024, saa tatu asubuhi, wodi namba nne, aliaga dunia akiwa na miaka arobaini, miezi miwili na siku kumi na tisa. Nilimuuliza daktari kama ni vile vizimba vilivyomuua, akasema pumu ilikuwa naye miaka kumi na hawezi kusema, basi na mimi nawaambia kama alivyoniambia, hawezi kusema. Wale mnaonong'ona kwamba alitiliwa kitu, nawaombeni mnyamaze, kushuku ni kazi yangu, na nimeshaifanya hadi mwisho, hakuna aliyemtilia kitu. Ametuacha mume, watoto wawili, mjomba, mimi, na panya watano.

Familia inamshukuru daktari wa kifua na wauguzi wa wodi namba nne, waliomwinua na kumgeuza bila kuchoka, mfagiaji, ambaye namwomba radhi hadharani, mkamuaji wa nyoka, majirani mliochota maji na kupanga viti, mwenye paka pia, na wafanyakazi wenzake, mliopiga makofi siku ile na mnaolia leo, tumeyaona yote mawili. Shada la maua la ofisi limepokelewa, nimeligeuza mbele na nyuma, ni maua tu.

Tone, mjukuu wangu, pumua sasa, pumua taratibu, hakuna vumbi huko. Nakupa hesabu ya mwisho nikae chini. Yule Miwani Mbili wako amenyang'anywa ofisi na kalamu ya vibali, na kamati imemwamuru aende kwa miguu yake katika zahanati zote sitini na tatu, ashushe boksi rafuni mwenyewe, na kwenye kila kitabu cha wageni, mahali pa sababu ya kuja, aandike maneno yale yale ya karatasi yako mbele ya mganga. Ameshakwenda kumi na tisa, zimebaki arobaini na nne. Leo asubuhi amekuja hapa, kamati haijamtuma, akakuta jirani yetu fundi cherehani amekaa getini na kitabu cha waombolezaji, ambacho kina sehemu mbili tu, jina na anakotoka, nami nilikuwa nimeshamwambia fundi achore ya tatu, sababu ya kuja. Akashusha miwani ya kichwani, akainama, akaandika. Nimekwenda kuusoma mwandiko nikiwa sijauamini, nikaugusa kwa kidole, wino umekauka, unasema hivi: "Nilimwambia amekosea. Alihesabu sawa."